Kabla Hujanunua Bando: Mtandao Upi Unamfaa Mtu wa Kimwani

Mtu wa Kimwani, huku kwetu wilayani Muleba, anayeingia mtandaoni anaingia na shida yake mkononi. Mmoja ana dagaa waliokauka vizuri na mchuuzi wake yuko Mwanza. Mwingine ana mpunga, kahawa ya maganda au mikungu ya ndizi. Mwingine hana cha kuuza, ila ana watoto Dar es Salaam, kaka yake yuko Kampala, na ukoo wake unatafutana kila msiba unapotokea. Wote wanapewa ushauri ule ule: fungua Facebook, jiunge TikTok, weka picha Instagram, usipitwe. Wachache huwaambia kwamba kila mtandao una watu wake na kazi yake, na kwamba anayeukosea atamaliza bando bila faida, au ataibiwa.

Mimi nautazama mtandao kwa kuuliza kwanza: humu ndani nani ananiona? WhatsApp ni ya watu wanaokufahamu. Facebook ni ya waliowahi kukufahamu, au wanaomfahamu mtu anayekufahamu. TikTok na Instagram ni za watu ambao hawajawahi kusikia jina lako. Nimeona pia kwamba nguvu ya mtandao na udhaifu wake hutoka mahali pamoja. Palipo na ukaribu, uongo huaminika haraka. Palipo wazi kwa kila mtu, tapeli naye anaingia.

Nianze na WhatsApp, maana ndiyo iliyoshika maisha yetu. Ilianza mwaka 2009, Facebook wakainunua mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, na tangu 2016 mazungumzo yake hufungwa kwa siri kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma yakiwa njiani. Kilichoifanya ipendwe vijijini, hata hivyo, ni kwamba haimlazimishi mtu kuandika. Bibi asiyejua kusoma anabonyeza alama ya kipaza sauti, anasema yake kwa Kihaya au Kizinza, na mjukuu aliye Tabata anamsikia kama yuko naye sebuleni. Mawimbi yakiwa hafifu, ujumbe unasubiri, yakirudi unakwenda wenyewe. Hakuna mtandao mwingine unaomheshimu mtu wa aina hiyo kiasi hiki.

Kama unafanya biashara, pakua WhatsApp Business badala ya ile ya kawaida. Ni bure. Ina sehemu ya kupanga bidhaa kwa picha na bei, ina sehemu ya kuandika mahali ulipo na saa zako za kazi, na unaweza kuhifadhi majibu ya maswali yanayojirudia, kama bei ya debe au nauli ya mzigo. Kisha fanya kazi ambayo programu haiwezi kukufanyia: jenga imani. Mteja aliye mbali anaogopa kutuma pesa mzigo usifike. Basi mwonyeshe mzigo wenyewe, ule ule atakaoupokea. Piga picha dagaa wakiwa juu ya mizani, kilo zikisomeka. Rekodi video fupi gunia likishonwa. Ukishapakia, iwe kwenye basi au kwenye meli pale Kemondo, mtumie picha ya risiti siku hiyo hiyo. Picha nzuri ya kuokota mtandaoni usiiguse, hata kama inaipita yako kwa mbali, kwa sababu mteja akifungua gunia akakuta tofauti, umempoteza yeye na wote atakaowasimulia.

Stetasi nayo ni duka la bure, lakini ina sharti ambalo wengi hawalijui. Kwa kawaida anayeiona ni yule ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Unaweza kuweka sangara mzuri kila asubuhi na asionekane kwa mtu yeyote wa maana. Mteja akinunua mara ya kwanza, mwombe pale pale ahifadhi namba yako, nawe uhifadhi yake kwa jina na mahali: "Mama Asha Buzuruga". Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo iweke saa ambazo wateja wako wameshika simu.

Udhaifu wa WhatsApp kibiashara ni kwamba haikuletei mgeni. Inawatunza wateja ulio nao. Mwenye wateja ishirini waaminifu na WhatsApp iliyopangwa vizuri ana hali njema kuliko mwenye wafuasi elfu kumi TikTok na hajui hata mmoja anaishi wapi. Hilo nalisema kwa uhakika.

Makundi ya WhatsApp yanahitaji maneno zaidi. Kundi moja linaweza kubeba watu 1,024, wanatosha ukoo mzima na wakwe. Kwetu mtu hurudishwa nyumbani kuzikwa, na safari ya jeneza kutoka Dar es Salaam hadi Muleba ni gharama kubwa. Zamani habari ya msiba ilichukua siku kuwafikia watu, leo inachukua dakika, na michango huanza kuingia kabla mwili haujatoka hospitali. Hiyo ni baraka. Lakini pesa ya msiba ndiyo pesa rahisi kuibiwa, kwa sababu mwenye huzuni hahoji. Fungueni kundi la msiba peke yake, liwe mbali na kundi la ukoo la kila siku. Wekeni ruhusa ya kuandika kwa viongozi pekee wakati wa kupokea michango, ili orodha isizame katikati ya salamu na pole. Jina la mtunza fedha liandikwe kama linavyotokea kwenye M-Pesa au Airtel Money, na kila mchangaji alihakiki jina hilo kabla ya kuingiza namba ya siri. Namba ya kupokelea ikibadilishwa katikati, hata kama ujumbe umetoka kwenye simu ya mzee wa ukoo mwenyewe, mpigie umsikie sauti. Sote tunaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Bado unawapata watu kila wiki.

Mwizi anaipataje simu ya mzee? Mara nyingi haigusi kabisa. Anamwandikia akijifanya ndugu: "Samahani, kuna namba sita zimekuja kwako kwa makosa, nitumie." Namba hizo ndizo ufunguo wa akaunti yake. Akizitoa, WhatsApp yake inahamia kwenye simu ya mwizi, na jioni hiyo hiyo ukoo mzima unaombwa mkopo wa dharura kwa jina lake. Kinga ipo na haichukui hata dakika tano. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, na uweke namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Wafanyie hivyo wazazi wako mkikutana. Namba ya tapeli iripoti kwa kuituma 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, waliiweka kwa kazi hiyo, na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuna hatari kubwa kuliko wizi: habari ya afya iliyopitwa na wakati. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa waliohisiwa kuwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, likazitaja wilaya za Biharamulo na Muleba. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ikasema vipimo havikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ukatangazwa kuisha tarehe 13 Machi. Itazame wiki ile ya Januari kwa macho ya mtu aliye Kimwani, mpakani mwa wilaya hizo mbili. Ndani ya siku saba zilitoka taarifa rasmi zilizopingana, na kila moja ilikuwa na nembo. WhatsApp inapokuletea taarifa kama hiyo inakuonyesha saa uliyoipokea wewe. Haikuambii iliandikwa lini. Mtu angeweza kupokea tarehe 22 taarifa ya "hakuna Marburg", ikiwa na nembo halali, ikiwa halisi kabisa, na ikiwa imeshapitwa na wakati. Angeiamini, angeenda kuosha maiti kwa mikono mitupu, na Marburg huambukiza kwa kugusa maji ya mwili wa mgonjwa au marehemu.

Kwa hiyo katika mambo ya afya, tafuta tarehe kabla ya kutafuta nembo. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umeshapita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp yenyewe inazuia ujumbe wa namna hiyo usitumwe zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Piga 199, kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya, hakina malipo. Sikiliza taarifa ya habari ya redio. Muulize mhudumu wa zahanati. Na kumbuka kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshika anayesambaza taarifa za uongo, ingawa mimi naona woga wa sheria ni sababu ndogo ukilinganisha na jirani anayeweza kufa.

Uangalifu huo unahitajika kwenye picha pia. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliofika mwanzo na mitumbwi yao, watu 24 wakaokoka na 19 wakafariki. Video zilikuwa mikononi mwa nchi nzima kabla ya majina ya marehemu kutolewa. Ukijikuta mahali kama pale una simu, piga picha ya eneo kama inasaidia uokoaji, lakini uso wa marehemu uuache. Mama yake anaweza kuwa kwenye kundi moja na wewe.

Facebook, iliyoanza mwaka 2004, vijana wanaiita ya wazee. Wazee hao ndio wenye pesa ya kununua ndizi. Nguvu yake ni kutafuta mtu kwa jina: uliyesoma naye Ihungo au Rugambwa, jirani aliyehamia Arusha, mtoto wa mjomba aliye Uingereza. Humo pia kuna makundi ya watu wa Kagera waishio miji mingine, na mtu wa nyumbani akiwa ugenini hutamani vya nyumbani. Fungua ukurasa wa biashara ulio mbali na akaunti yako binafsi, weka namba ya WhatsApp juu kabisa, na uwahamishie huko wanaouliza bei. Kwa simu ndogo tumia Facebook Lite, iliyotengenezwa kwa ajili ya intaneti dhaifu.

Uwazi huo huo ndio unaoleta akaunti za kughushi zenye picha za viongozi wakigawa mikopo, matangazo ya kujiunga na Freemason, waganga wa utajiri, na ndugu wa bandia. Programu za mikopo ya papo kwa papo nazo hujitangaza sana mitandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii huomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa, mama mkwe wako anatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Programu ya mkopo inayotaka kuwasoma watu wako, ifute.

Instagram inamfaa mwenye bidhaa iliyofungashwa. Nasema hivyo kwa sababu wanunuzi wake wako mijini na wananunua kwa macho. Senene waliokaangwa na kuwekwa kwenye chombo safi chenye lebo, kahawa iliyokaangwa na kusagwa, vanila iliyokauka vizuri, hivyo vina soko huko, hasa ukiwa na ndugu Dar es Salaam wa kupokea mzigo na kuusambaza kwa bodaboda. Mkungu wa ndizi mbichi, dagaa wa gunia, mpunga wa jumla, usivipotezee muda Instagram. Mnunuzi wa jumla haangalii picha zenye vionjo. Anataka bei, ujazo na siku ya kusafirisha, na hayo anayataka kwa simu.

TikTok ina uwezo ambao mingine haina: inaichukua video ya mtu asiye na mfuasi hata mmoja na kuipeleka kwa maelfu. Kijana wa Nyakabango anayeonyesha dagaa wanavyoanikwa, au mama anayepika ndizi kwa majani yake, anaweza kutazamwa Nairobi na Muscat kabla ya jua kuzama. Tatizo ni kwamba mtazamaji wa Muscat hanunui dagaa wa Nyakabango. Sifa zinakuja, oda haziji. Kijana akiona laiki nyingi anaamini biashara imekua, anaacha shamba, ananunua bando kubwa zaidi. Kama unaitumia TikTok, weka kwenye kila video jina la mahali ulipo, bidhaa, na namba ya WhatsApp, kisha mwisho wa mwezi hesabu ni wateja wangapi walilipa kutoka huko. Wakiwa hawapo, ibaki kuwa burudani na uipangie saa. Wazazi, akaunti ya mtoto ifungeni isionekane na wageni. Pia msimrekodi mwanafunzi au mgonjwa kwa ajili ya kutafuta watazamaji. Tangu mwaka 2022 nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na heshima ya mtoto ilikuwepo kabla ya sheria hiyo.

YouTube naiona kama shule kuliko soko. Inalipa watengenezaji wa video, lakini masharti yake ni marefu: kwa mgawo wa matangazo inataka wafuatiliaji 1,000 na, kwa video za kawaida, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili. Faida yako wewe ni kujifunza. Chukua mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera mwaka 2006 ukianzia wilaya yetu ya Muleba. Video inakuonyesha kwa macho yale ambayo maelezo ya maneno hayafikishi: ndizi zinazoiva kabla ya wakati, rangi ya kahawia ndani ya tunda, usaha wa njano kwenye shina lililokatwa, namna ya kuondoa ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, na namna ya kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ila angalia video imetoka nchi gani na nani anasema. Muuza dawa wa mbali atakuambia nunua chupa yake, na mnyauko hauna dawa ya kupulizia. Ukishatazama, piga picha tatu za mgomba wako, moja ya majani, moja ya tunda lililopasuliwa, moja ya shina, umtumie bwana shamba kwa WhatsApp. Watafiti wa kilimo wa TARI wako Maruku, hapo hapo mkoani. Mitandao miwili ikifanya kazi pamoja namna hiyo inaweza kuokoa kibanja kizima.

Bei za kahawa nazo huletwa na mitandao, na hapa naomba umakini. Picha ya bei isiyo na tarehe wala jina la chama ni silaha mkononi mwa mnunuzi wa butura, anayetaka uuze kahawa ikingali mtini kwa bei ya kutupa. Kabla ya kukubali bei ya kwenye simu, mpigie katibu wa AMCOS yako, yaani chama chenu cha ushirika.

X na Telegram nazipita haraka. X, iliyoitwa Twitter, ilikuwa uwanja wa siasa na habari za haraka, lakini ilifungwa nchini Mei 2025, na biashara ya Kimwani haiwezi kujengwa juu ya mlango unaoweza kufungwa. Telegram inabeba makundi ya watu hadi 200,000 na mafaili makubwa, hivyo wanafunzi wanaipenda kwa vitabu na mitihani iliyopita. Lakini mtu anaweza kuficha namba yake ya simu humo, na ndiyo maana matapeli wa "kazi za mtandaoni" na wa kuzidisha pesa wamejaa. Tena mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi kama ya WhatsApp, mpaka uchague mwenyewe mazungumzo ya siri.

Bando nalo lina hesabu yake. Video hula kuliko kitu kingine chochote, picha hufuata, sauti na maandishi hula kidogo. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa video na picha. Ubora wa video za YouTube ushushe hadi 240p. Kisha fungua mipangilio ya simu uone programu gani imekula MB nyingi mwezi huu, uilinganishe na ile iliyokuletea pesa. Mara nyingi si ile ile.

Hata mtandao ulio bora si mali yako. Akaunti inaweza kufungiwa au kuibwa, simu inaweza kuanguka ziwani. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa, na mfanyabiashara aliyekuwa na wateja wake ndani ya WhatsApp pekee hakuwa na pa kuwapata. Kwa hiyo jioni ya leo chukua daftari la kurasa ngumu na kalamu, nakili namba ya kila mteja na kila ndugu muhimu, jina, mji na anachonunua. Mwite kijana wa nyumbani akusaidie kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yako na ya mama yako. Bando utanunua kesho.